Maswali yanayoulizwa sana kuhusu kujitengenezea vifaa nyumbani kwa mabaki

Haya ni maswali ambayo nimeulizwa tena na tena, wengine wananipigia simu, wengine wanakuja kabisa hadi uani wananikuta nimetandaza bodi chini ya mwembe. Nimeanza na ya wanaoanza kabisa, ya watu walioshaungua vidole yapo chini. Jibu likiwa sehemu nyingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Kuanza

Sijasoma umeme, hata fizikia niliishia kidato cha pili. Naweza kweli?

Unaweza, na sisemi hivyo kukufariji. William Kamkwamba wa Malawi alikuwa na miaka 14 tu wakati wa ile njaa ya 2001 na 2002, ada ikakosekana akatoka shule, akawa anaenda maktaba ya kijijini kuangalia michoro kwenye kitabu cha nishati maana Kiingereza chenyewe kilikuwa kinampa tabu. Akaokota feni ya trekta, fremu ya baiskeli mbovu, dainamo, na mabomba ya plastiki akayapasha moto akayanyoosha yakawa mapanga, akafunga kila kitu juu ya mnara wa miti ya mkaratusi na taa ikawaka. Alichokuwa amekielewa ni kitu kimoja, kwamba dainamo ukiizungusha inatoa umeme, akakifuata hicho hicho mpaka mwisho.

Hesabu utakayohitaji mwanzoni ni kutoa na kugawanya, utaiona kwenye swali la taa za LED.

Nianze na mradi gani?

Anza na kitu kinachowasumbua hapo hapo kwenu. Watu wengi wananiambia wanataka roboti, nikiwauliza la kufanya nini wananyamaza, na mradi wa hivyo huwa unaishia kwenye boksi chini ya kitanda.

Angalia Richard Turere, kijana wa Kimaasai anayetoka pembeni ya hifadhi ya Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuchunga ng'ombe wa baba yake na simba walikuwa wanawamaliza. Alijaribu moto, ikashindikana, akajaribu sanamu ya mtu, simba wakaja siku ya kwanza wakaogopa, siku ya pili wakaona mbona hakisogei kitu hiki, wakala. Usiku mmoja akiwa anazunguka zizi na tochi akagundua simba hawaji kwenye mwanga unaotembea. Basi akachukua betri ya gari, paneli ndogo ya sola ya kuichaji, taa za tochi zilizoharibika na kile kiboksi cha indiketa za pikipiki, akazipanga taa kuzunguka zizi ziwe zinawaka kwa kupokezana, simba anaona kama mtu anatembea na tochi usiku kucha. Alikuwa na miaka 11. Ukiangalia vizuri hamna kipuri kigumu hata kimoja pale, ugumu wote ulikuwa kwenye kumsoma simba.

Kama hauna shida ya kutatua kwa sasa ila mikono inawasha, fanya hili: fungua printa mbovu, toa ile mota ya mraba yenye waya nne. Chukua taa ya LED nyeupe, shikiza miguu yake kwenye waya mbili za jozi moja, halafu zungusha kishina cha mota kwa vidole haraka. Itawaka, hamna betri wala nini, ni vidole vyako tu. Nimewaonyesha wazee wa miaka sitini na bado wanaomba kuzungusha wenyewe. Kama haiwaki badilisha waya mpaka upate jozi, na jozi utaijua bila kipimo chochote maana ukigusanisha waya zake mota inakuwa nzito kuzungusha.

Ninunue vifaa gani vya kazi kwanza?

Mita ya kupimia umeme, kabla ya kitu kingine chochote. Hata ile ya bei rahisi kabisa ya rangi ya njano inatosha kwa volti ndogo, ila usiingize kwenye umeme wa ukutani kama waya zake zimechubuka. Baada ya hapo pasi ya kuchomea risasi ya wati 40 au 60, bisibisi seti moja yenye vichwa vya nyota, plaizi ya kukatia, na tepu ya umeme. Drili na gundi ya moto azima kwa watu, utanunua ukishajua unavihitaji kweli.

Anayenunua pasi kabla ya mita anakuwa fundi wa kubahatisha, anabadilisha kipuri baada ya kipuri na ubovu kumbe ni waya uliokatikia ndani.

## Mabaki na vipuri

Vipuri nipate wapi?

Kwa wanunuzi wa skrepa, kwa mafundi simu na kwa ofisi zinazotupa mashine. Dar nenda Kariakoo, Nairobi kuna Kamukunji na Gikomba. Kwa wauza skrepa nenda asubuhi kabla hawajaanza kuvunja ili watoe shaba, maana wao wanauza kwa kilo, mota nzima na mota iliyopondwa kwao bei ni ile ile.

Printa ndio naipenda kuliko vyote, ndani kuna mota mbili tatu, vyuma vya mviringo vilivyonyooka kabisa, gia za plastiki, mikanda na sensa. UPS mbovu, lile boksi la akiba ya umeme wa kompyuta, mara nyingi kilichokufa ni betri yake tu ya volti 12. Kompyuta ya mezani inakupa feni za volti 12, hizo utazitafuta sana ukifika kwenye kiangulio. Na usitupe chaja za zamani za simu, kila moja ni chanzo cha volti 5 kilichokwisha tengenezwa.

Kuna kitu sitakiwi kufungua kabisa?

Kipo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Microwave usiifungue. Ndani yake kuna transfoma na kapasita zinazofanya kazi kwenye volti zaidi ya 2000 na kapasita inaweza kubaki na chaji hata umeme ukiwa umechomolewa, hii inaua mafundi wazoefu, na zile video za kuchoma mbao michoro kwa transfoma ya microwave zimeshaua watu wengi Marekani. Usijaribu hata mara moja.

TV za kichogo nazo achana nazo. Saplai ya kompyuta na za TV bapa zina kapasita kubwa ya karibu volti 300 upande unaoingia umeme wa ukutani, kama haujui kuipima na kuimaliza chaji iache ikiwa imefungwa, itumie kama ilivyo. Na betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala usiikandamize, ipeleke nje mbali na vitu vinavyoshika moto.

Betri za laptop zilizokufa zinafaa? Naona watu wanatengeneza pawabenki

Zinafaa sana. Pakiti ya laptop ya kawaida ina seli sita za duara, upana milimita 18, urefu milimita 65, ndio maana zinaitwa 18650. Mara nyingi pakiti inakataa kwa sababu jozi moja imechoka, zile nne zingine bado zina maisha.

Fungua taratibu kwa kutenganisha plastiki, usiingize bisibisi katikati ya seli maana ukizitoboa zinawaka. Pima kila moja. Iliyo chini ya volti 2 mimi naipeleka kwenye boksi la kutupa, usijaribu kuifufua hata kama umeona mtu anafufua, seli iliyolala chini sana inaharibika ndani na siku moja utaichaji ikafanya shoti yenyewe. Zilizobaki zichaji moja moja kwa kile kibodi kidogo kinachoitwa TP4056, kinaingiza volti 5 na kinaacha chenyewe ikifika 4.2. Wakati zinachaji ziweke ndani ya chungu chenye mchanga, nje, na uwe unazishika, ikipata joto la kukufanya utoe mkono hiyo haifai. Zikijaa ziache wiki mbili halafu pima tena, iliyoshuka chini ya 4.0 inavuja chaji, itupe.

Makosa mawili yanarudiwa kila siku. La kwanza kuunganisha seli zenye volti tofauti sambamba, ile yenye nyingi inamimina kwa mwenzake kwa nguvu mpaka waya unayeyuka, kwa hiyo zisawazishe kwanza. La pili kuchoma risasi moja kwa moja kwenye seli, joto linaua viungo vya ndani, tumia vile vishikio vya plastiki. Na lazima uweke bodi ya ulinzi, pawabenki bila ulinzi usimpe mtu aende nayo mfukoni.

## Miradi inayoulizwa zaidi

Taa ya chupa ya maji ni kweli inafanya kazi?

Kweli kabisa, mchana. Alfredo Moser, fundi makanika wa Uberaba huko Brazil, aliianzisha 2002 wakati umeme unakatika katika. Chupa safi ya lita mbili, jaza maji, weka vifuniko viwili vya jiki ili maji yasiote ukijani, toboa bati, chupa ichungulie nje kama theluthi moja, ziba pembeni vizuri. Jua linaingia kwenye chupa, maji yanalitawanya chumba kizima, unapata mwanga kama wa balbu ya wati 40 hadi 60. Kazi yote iko kwenye kuziba, tumia silikoni na kipande cha bati la pili kama kola, vinginevyo mvua ya kwanza tu utalala na ndoo. Usiku haitoi kitu, hapo rudi kwenye betri za laptop.

Nataka kutengeneza kiangulio cha mayai, kwanini vifaranga wangu hawatoki?

Hili ndilo swali namba moja kwangu, nitalijibu kwa urefu.

Boksi lenyewe ni rahisi, friji bovu au kasha la mbao lililowekwa godoro la styrofoam, balbu mbili za moto wa zamani za wati 40, termostati ya W1209 yaani kidhibiti joto, feni ya kompyuta, na bakuli la maji. Balbu ziwe zile za nyuzi, za LED hazitoi joto la maana. Naweka mbili ili moja ikiungua usiku ya pili ibebe mpaka asubuhi.

Sasa vifaranga hawatoki kwa sababu ya joto lililopimwa vibaya. Mzunguko wangu wa kwanza niliweka mayai 24 wakatoka 5, na kipimo kilikuwa kinasoma vizuri kabisa siku zote 21. Nilikuwa nimekibandika kwenye mfuniko. Siku nilipokuja kukilaza kati ya mayai nikaona kona moja 36, chini ya balbu 40, yaani kwenye boksi moja mayai mengine yanapoa na mengine yanaiva. Feni ikamaliza hiyo habari, mzunguko wa tatu nikaweka tena mayai 24 nikapata 19. Kwa hiyo sensa ikae usawa wa mayai, feni izunguke muda wote, na joto liwe 37.5 hadi 37.8.

Ila hata hizo namba usiziamini mpaka umehakiki. Chukua kipimajoto cha homa cha binadamu, weka pamoja na sensa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, subiri dakika tano, linganisha. Mimi ya kwanza ilikuwa inadanganya kwa nyuzi 1.2, na kwa kiinitete hiyo ni kubwa. Termostati ina sehemu ya kurekebisha hiyo tofauti.

Unyevu shikilia asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, halafu upandishe 65 hadi 70 siku tatu za mwisho kwa kuongeza bakuli lenye uso mpana, kina cha maji hakisaidii. Kipimo cha unyevu nacho kinahakikiwa kwa chumvi: kifuniko cha soda, chumvi ya mezani, matone machache ya maji iwe kama tope, funga pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa nailoni usioingiza hewa mpaka kesho yake. Lazima isome 75. Ikisoma 68 basi unajua kila siku unaongeza saba.

Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku, weka alama ya penseli upande mmoja X mwingine O, na siku ya 18 acha kugeuza, funga, usifungue fungue. Kuku siku 21, kware 17 au 18, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28, hawa bata wetu wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni 35.

Umeme ukikatika mayai yanakufa?

Saa moja mbili hayafi. Usifungue boksi, lifunike blanketi, ikizidi hapo weka chupa za maji ya moto ndani pembeni. Hatari kubwa ni umeme ukirudi termostati ikasahau namba uliyoweka, kwa hiyo ukirudi kaangalie kwanza.

Taa zangu za LED zinaungua kila nikiunga kwenye betri ya gari, tatizo nini?

Haujaweka rezista, kile kipuri cha kupunguza umeme, au umeweka kwa kukisia. LED nyeupe inataka kama volti 3 na miliampea 20. Ukipanga tatu mfululizo zinakula volti 9. Betri ni 12, inabaki 3, gawanya kwa 0.02 (hizo miliampea 20) unapata rezista ya omu 150. Watu wanaweka 150 na bado zinaungua, wanalalamika hesabu ni ya uongo. Hesabu ni nzima ila betri ya gari ikiwa inachajiwa inapanda hadi 14.4, hapo inabaki 5.4, gawanya kwa 0.02, ni 270. Weka 270, zitapungua mwanga kidogo ila zitakaa miaka.

Spika niliyotengeneza inaunguruma

Waya wa sauti umepita karibu na wa umeme, au adapta ni chafu. Iunge kwenye betri kwa dakika moja. Mngurumo ukiisha badilisha adapta, ukibaki fupisha waya wa sauti na tumia ule wenye wavu.

Baiskeli inaweza kuendesha friji?

Hapana. Mtu mzima mwenye afya akikanyaga kwa saa nzima anatoa kama wati 50 hadi 100, friji dogo linataka kiasi hicho au zaidi na likianza kuzunguka linavuta mara kadhaa. Ila simu inachaji kwa wati 5 tu, hapo baiskeli inatamba. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, alitengeneza chaja ya simu inayotumia baiskeli, na kwa mtu anayeendesha kilomita kumi kwenda shamba ule umeme ni kama wa bure maana alikuwa anakanyaga tayari.

Na kinu cha upepo, nitumie mota ya printa?

Kwa taa chache ndio. Ile mota inatoa umeme wa kupishana, kila jozi inataka diodi nne, vile vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na hizo hizo zinazuia betri isirudishe umeme kwenye mota. Ila ukitumia mota ya kawaida ya waya mbili weka diodi moja kabla ya betri vinginevyo upepo ukitulia betri inageuka kuizungusha mota, nimeshaitwa kuona kinu kinazunguka vizuri siku isiyo na upepo, mwenyewe anafurahi na betri inaisha. Kabla ya kujenga mnara jua kwamba upepo ukiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nane, na ukipungua nusu unabaki na moja ya nane. Kwa hiyo mita tatu za juu zaidi kuvuka miti zina thamani kuliko mota kubwa.

## Yanayozua ubishi

Jenereta inayojiendesha yenyewe, ile mota inazungusha dainamo na dainamo inalisha mota, unaweza kunitengenezea?

Siwezi, na anayekwambia anaweza usimpe hela ya vifaa. Naumia sana na hili maana nimeona vijana wenye akili wamemaliza akiba zao hapa.

Weka wati 100 kwenye mota nzuri, 20 zinapotea kama joto, 80 zinafika kwenye mkanda. Dainamo ya gari inageuza kama asilimia 60, unabaki na 48. Hizo 48 ndio unataka zizalishe 100 za kuendesha mota na zibaki za kuwasha taa? Kila mzunguko unapoteza zaidi ya nusu, ndio maana inazunguka sekunde chache inasimama. Zile video zina betri iliyofichwa au waya unaopita chini ya meza. Ukishikilia kujaribu, jaribu kwa mota mbili za printa bila gharama na uweke mita katikati usome mwenyewe.

Gari la maji ni hesabu hiyo hiyo, kuyatenganisha maji kunakula nishati nyingi kuliko utakayopata ukichoma gesi yake.

Naweza kurusha redio yangu ya FM mtaani?

Kutengeneza mtambo ni rahisi, kurusha bila leseni ni kosa, utakutana na mamlaka ya mawasiliano, Tanzania ni TCRA na Kenya ni CA. Sio ubabe wao tu, FM inaishia megahezi 108 na hapo hapo juu ndio wanaanza marubani. Ukipenda redio jenga ya kupokea: koili ya waya kwenye kopo, diodi ya jemaniamu, waya mrefu juu ya mti, waya wa ardhini na kisikilizio cha kristali, inashika stesheni za AM bila betri kabisa.

Mtoto wangu wa miaka 9 anavunja vunja redio, nimzuie?

Mpe redio mbovu za betri ambazo ni zake. Turere naye alianza kwa kufungua redio mpya ya mama yake, akachapwa maneno makali siku hiyo. Na mwaka 2020 mtoto wa miaka 9 wa Bungoma alitengeneza kwa mbao mashine ya kunawa mikono unayoikanyaga kwa mguu bila kugusa ndoo, akapewa nishani ya rais. Mpaka lazima uwepo, kitu chenye plagi ya ukutani hafungui bila wewe.

Nimebuni kitu, wasiniibie nifanyeje?

Usianze kwa kukionyesha kwa kila mtu, hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, inataka kitu kiwe kipya. Tanzania Bara nenda BRELA, Zanzibar BPRA, Kenya ni KIPI, uliza pia kuhusu usajili wa ubunifu mdogo ambao masharti yake ni mepesi. Ukihitaji mashine na ushauri wa utengenezaji kuna SIDO, shirika la viwanda vidogo, mikoani, na karakana za wabunifu, Twende pale Arusha na Gearbox Nairobi.

Jana kilikuwa kinafanya kazi vizuri, leo kimegoma. Nianzie wapi?

Usianze kubadilisha vipuri. Pima betri kwanza, kikiwa kimeungwa na kimewashwa, maana betri iliyochoka inasoma 12 ikiwa peke yake na inaanguka hadi 7 ikipewa kazi. Halafu pima kila kiungio, waya unaoonekana mzima unakatikia hasa pale plastiki inapoishia na risasi inapoanza, ushike uupinde taratibu huku mita inalia. Halafu swichi. Halafu angalia bodi kwenye mwanga wa jua, ukiona risasi yenye duara jeusi kuzunguka mguu wa kipuri hiyo imeachia, ipashe upya na tone moja la risasi mpya. Ukimaliza hayo na bado, ndio uniletee, na uje na namba ulizozisoma umeziandika kwenye karatasi.